Sultani, Simba wa Kimisagara

Jumatatu, 9 Julai 1990

Barua imefika kutoka Bujumbura. Mwandiko wa Shangazi Xavérine, herufi zimenyooka kama wagonjwa kwenye foleni ya sindano. Nimeisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa. Mara ya tatu nilikuwa nimelala chali juu ya mkeka.

Anakuja! Alhamisi, kwa basi. Anasema amestaafu, magoti bado yana nguvu, na kabla hayajaisha anataka kuona mambo mawili: mimi mtoto wa kaka yake, na simba wangu.

Simba wangu.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mimi, Évode Nduwayo, umri miaka thelathini na minne, ni mchoraji wa mabango mtaa wa Kimisagara, Kigali. Nachora mikasi ya vinyozi, viatu vya mafundi viatu, chupa za baa. Nilipoondoka Bujumbura miaka sita iliyopita niliwaahidi wote kwamba watasikia habari zangu. Muda ukapita, habari hazikuwepo. Siku moja nikachora kuku kwenye bango la mgahawa, na jioni nikamwandikia Shangazi kwamba sasa nafanya kazi na wanyama. Hapo uongo uko wapi? Yeye akauliza wanyama gani. Kuku akawa mbuni. Mbuni akawa twiga. Mwaka juzi twiga akawa simba, na mimi nikawa Mkuu wa Wanyama Wakali katika Bustani Kubwa ya Wanyama ya Kigali.

Simba anaitwa Sultani. Anakula mkononi mwangu.

Tatizo ni dogo tu: Kigali haina bustani ya wanyama. Si kubwa wala ndogo.

Jumanne, 10 Julai

Sikulala vizuri lakini nimeamka na akili mpya. Wazo la ajabu!

Bustani za kizamani huwafungia wanyama wote sehemu moja, mpaka wanaambukizana mafua. Bustani ya Kigali ni ya kisasa. Imetawanywa! Ndege wako mtaa huu, nyani wako mtaa ule, simba peke yake mlimani kwenye hewa safi. Mgeni huzunguka mji mzima. Nilipolitamka kwa sauti mbele ya kioo nilijiamini mwenyewe, nikaona fahari kuwa sehemu ya shirika kama hilo.

Nimetembea kutwa nzima kukusanya wanyama. Kiyovu, kwenye nyumba ya tajiri mmoja, kuna korongo wawili wenye taji wanaotembea bustanini kama wakwe. Nimeongea na mlinzi wa getini. Amekubali Jumamosi anipigie saluti, nimempa pakiti ya sigara. Halafu Gisimenti, kwa Béatha. Béatha ana baa, ana tabasamu, na ana tumbili aitwaye Kaporali aliyefungwa kwenye nguzo ya veranda. Nimekuwa nikienda pale mwaka mzima, si kwa ajili ya tumbili. Nikamwambia Béatha kwamba Jumamosi nitapita na Shangazi, na asishangae nikimwita Kaporali "mfanyakazi wetu". Béatha akasema wateja wake huongea mabaya zaidi ya hayo.

Wanyama wote nimewapata kwa siku moja. Bado simba tu.

Jumatano, 11 Julai

Nimekopa plaiwudi mbili kwa seremala. Rangi ya njano ilikuwepo, iliyobaki kwenye bango la duka la betri. Nitachora simba wa ukubwa kamili, nimweke kwenye msitu wa mikaratusi juu ya Kimisagara, nyuma ya uzio wa fito. Shangazi atamwangalia kutoka barabarani, hatua mia moja. Simba wengi hulala mchana, kila mtu anajua. Hakuna atakayemdai atembee.

Kikwazo: sijawahi kumwona simba. Nikatumia kalenda ya parokia, picha ya Danieli shimoni. Lakini simba wa Danieli ana uso wa mtu aliyetoka kuungama. Nimechora mara mbili, mara mbili nimefuta. Simba wa kwanza alikuwa na huruma. Wa pili alikuwa na uso wa mtu anayedaiwa.

Saa tisa Gatera akatoka kukaa kizingitini mwake. Gatera ni jirani yangu, mpiga picha, mlango wake unatazamana na wangu. Naye huenda kwa Béatha, na si kwa ajili ya tumbili. Alikaa pale akitafuna muwa, kidevu juu, pua imepanuka, macho yamefumbwa nusu kama mtu anayemiliki bonde zima. Mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe. Nusu saa baadaye Sultani alikuwa ananitazama kutoka kwenye plaiwudi. Nywele za mwili zilinisimama. Sijawahi kuchora kitu kizuri namna hii maishani mwangu!

Gatera akaja kutazama. Akasema ni simba mzuri, ila ana sura ya kijinga kidogo. Nikaendelea kupaka njano.

Namhitaji, kwa hiyo nikamweleza mpango. Atajificha nyuma ya plaiwudi na kunguruma mara tatu. Kwa malipo anataka bango jipya la studio yake, lenye neno "Kimataifa". Nimekubali. Nikamtaka pia amfunge vizuri Bebe, beberu wake, ambaye humfuata kila mahali kama katibu. Akasema kamba yake ni mpya.

Alhamisi, 12 Julai

Shangazi ameshuka stendi ya Nyabugogo saa tisa na nusu. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na mnyoofu zaidi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza kushoto na kulia kama anavyowageuza watoto wachanga. Alikuwa mkunga miaka thelathini. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka saba, naye ndiye aliyenichukua. Akasema nimekonda. Akasema labda nyama yote nampa simba.

Kisha akanikabidhi mfuko. Kilo mbili za ndagala, dagaa wa kwetu, waliokaushwa, kutoka ziwani. Nikamshukuru sana. Akanirekebisha: si zako. Za Sultani! Simba ni paka, alisema, na hakuna paka anayekataa ndagala.

Chumba changu amekikagua kona kwa kona. Nimemwambia nyumba ya kazi inapakwa rangi. Rangi kwenye kucha zangu ilinisaidia hapo.

Ijumaa, 13 Julai

Nilijaribu kujiokoa. Asubuhi nilirudi kutoka "kazini" na uso wa huzuni nikamwambia bustani inaweza kufungwa kesho, twiga anaumwa shingo. Nilidhani yamekwisha. Wapi! Macho yake yaling'aa. Akauliza maumivu yalianza lini, yako juu au chini, na kama amepata choo. Shingo ni shingo, akasema, tofauti ni urefu tu. Akaanza kupasha mafuta ya mawese ya kumkanda.

Ikabidi nitoke tena, nizunguke mtaa, nirudi na habari kwamba twiga amepona ghafla. Na kwamba amehamishwa. Mbali.

Mchana alikwenda kusali. Nilibaki peke yangu na wale ndagala. Nilikusudia kuonja mmoja tu. Ugali ulikuwepo, pilipili ilikuwepo. Shangazi aliporudi akauliza kama Sultani amepata zawadi yake. Nikasema amelamba mpaka sahani. Akanisogelea, akavuta hewa, akasema inashangaza jinsi mimi na Sultani tunavyonukia sawa.

Kesho ndiyo siku. Nimeichora nembo ya korongo kwenye kofia yangu. Nimeazima filimbi. Mungu anisaidie, ingawa sijui nimwombe kwa maneno gani.

Jumamosi, 14 Julai

Lazima niandike yote, kwa mpangilio.

Saa mbili tulitoka. Shangazi amevaa kitenge cha sikukuu na viatu vya hospitali. Mimi kofia na filimbi. Nikamweleza habari ya bustani iliyotawanywa. Akasikiliza kwa makini, akasema hata wodi ya uzazi ingefaa kupangwa hivyo, wale wanaopiga kelele wapelekwe mbali, mpaka mji wa Butare.

Nyabugogo, karibu na machinjio, mwewe kumi na tano wanazunguka angani. Nikapuliza filimbi, nikanyoosha mkono: Sehemu ya Ndege Walao Nyama! Hawana uzio kwa sababu wamezoea kazi. Mmoja akashuka akanyakua utumbo mbele yetu. Shangazi akapiga makofi. Mwanzo mzuri mno!

Kiyovu mambo yakageuka. Mlinzi aliyekuwepo getini hakuwa yule wa sigara. Wangu alikuwa amebadilishana zamu. Mimi sikumtazama usoni, nikamkaribia kwa kifua mbele, nikamwambia apige saluti, nimekuja kukagua korongo. Akaniuliza mimi nani. Nikamwonyesha kofia. Akachukua fimbo. Tulishuka ule mlima wa Kiyovu kwa kasi ambayo sikutegemea kwa mwanamke wa miaka sitini na tatu. Chini, akihema, Shangazi akauliza kwa nini mfanyakazi wangu ananifukuza na fimbo. Nikasema ni mazoezi ya usalama, hufanyika kila Jumamosi. Akasema kijana yule anastahili kupandishwa cheo.

Korongo tuliwaona, hata hivyo. Vichwa viwili juu ya ua, na taji zao. Walitutazama kwa dharau.

Saa sita tulikuwa Gisimenti kwa Béatha. Alitupokea kwa heshima, akamwita Shangazi mama, akaleta soda mbili. Veranda ilijaa wateja. Nikamwonyesha Kaporali, nikaanza kueleza kwa sauti ya kiofisi kwamba huyu ni tumbili wa daraja la pili, anahudumu hapa kwa mkopo. Kumbe Shangazi hanisikilizi. Ameinama, anatazama kiuno cha tumbili. Kamba ilikuwa imemkata. Kidonda kibichi, nzi wamejaa.

Akamgeukia Béatha, akamwuliza nani amemfunga huyu. Béatha akasema alinunuliwa hivyo. Shangazi akaagiza maji ya moto, chumvi na kitambaa safi, na sauti yake ilikuwa ile iliyonitoa kitandani miaka yote ya shule. Wanaume watatu waliinuka kwenda kutafuta maji bila kujua wameinuka. Kaporali alionyesha meno. Mimi nikaruka nyuma ya kreti za bia kulinda upande ule. Shangazi akamwimbia kitu kwa sauti ya chini, akamshika kisogo, akamwosha, akamfunga kitambaa kama mtoto mchanga. Tumbili akatulia, akaweka mkono wake mdogo juu ya mkono wa Shangazi.

Veranda nzima imesimama kutazama. Nikaona nafasi. Nikatoka kwenye kreti, nikasema hivi ndivyo tunavyofanya katika idara yangu. Watu wakanipigia makofi. Béatha akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, na aliahidi Kaporali hatafungwa kamba tena. Laiti ningeugua ghafla pale pale na kurudi nyumbani!

Lakini Shangazi alikuwa ameshasimama. Sasa Sultani, akasema.

Saa tisa na nusu tulifika barabara ya juu ya Kimisagara. Msitu wa mikaratusi, jua liko nyuma yetu, uzio wa fito, na katikati ya majani makavu Sultani wangu. Niseme kweli: hata mimi nilishtuka. Alikuwa amelala pale, njano, mkubwa, anatazama bonde kama mali yake.

Shangazi akasimama. Akaweka mkono kinywani. Halafu akasema polepole, "Kumbe ni kweli."

Nilitaka kuongea. Badala yake nikapuliza filimbi, ndiyo ishara ya Gatera.

Gatera akanguruma. Mara ya kwanza vizuri sana! Shangazi akanishika mkono. Mara ya pili vizuri zaidi, ndege wakaruka mitini. Kabla ya mara ya tatu nikasikia chini mtaani sauti nyingine, kali, ya furaha.

Bebe.

Beberu amemtambua bwana wake kwa sauti! Alipanda mlima ule na nusu mita ya kamba mpya ikimfuata shingoni. Alitupita barabarani kama sisi si watu. Akapita katikati ya fito. Akasimama mbele ya simba, akamtazama. Simba akamtazama yeye kwa zile pua zilizopanuka. Bebe akarudi hatua tatu, akainamisha pembe.

Sultani alianguka kwa mgongo. Chini yake simba akapiga kelele kwa Kiswahili safi: "Mama wee! Bebe! Mguu wangu, mbuzi mpumbavu wewe!"

Halafu Gatera akatambaa kutoka chini, majani kichwani, njano shavuni. Akatuona. Akasema shikamoo mama.

Shangazi akaniacha barabarani. Alishuka kwenye uzio. Nilimfuata. Alimtazama Gatera, akaitazama plaiwudi, akamtazama Gatera tena. "Huyu ndiye simba mwenyewe," akasema. "Pua ni hizi hizi." Gatera akaangalia vizuri kwa mara ya kwanza, na nikaona anaelewa, na nikajua bango la Kimataifa limekwisha.

Shangazi akakaa juu ya jiwe. Akaniambia nivue kofia. Nikavua.

"Bustani haipo," akasema.

"Haipo, Shangazi."

"Twiga?"

"Hakuwepo."

"Mwaka jana uliandika Sultani ana homa. Siku tisa hali chakula."

"Sikuwa na la kuandika wiki ile, Shangazi."

"Nilimtolea misa."

Sikuelewa. Akarudia. Alikwenda kwa padri, akaomba misa kwa ajili ya mgonjwa aitwaye Sultani, na padri alidhani ni Mwislamu anayetaka kubatizwa. Watu wa parokia nzima walimwombea. Tangu hapo kila Jumapili wanamwuliza mlangoni, Sultani hajambo? Naye huwaambia hajambo, yuko na kijana wangu.

Gatera alianza kucheka, halafu akaacha. Mimi sikuweza kuinua uso. Kila mwezi nilidhani natuma karatasi tu. Kumbe kule upande wa pili kulikuwa na mtu anaivaa ile karatasi na kutoka nayo barabarani.

Akainuka, akashuka nyumbani peke yake. Hajala. Ameugeukia ukuta.

Jumapili, 15 Julai

Tulikwenda misa ya asubuhi, yeye mbele, mimi nyuma. Wakati wa kupeana amani akanipa vidole viwili.

Tukitoka kanisani akasimama uani. Akasema amesafiri kutwa nzima kuona kazi yangu na bado hajaiona. Nikamwambia ameshaona, haipo. Akasema yule simba, nani kamchora? Nikasema mimi. Kwa kichwa chako? Kwa kichwa changu, na pua ya Gatera. Na vingine viko wapi?

Basi nikampeleka. Sikupanga, sikuvaa kofia, filimbi nimemrudishia mwenyewe. Tulianza na mikasi ya kinyozi, tukaenda kwenye kiatu, tukaenda kwenye mama anayesaga mtama, kazi ya mwaka jana, yenye makosa kwenye mkono. Akaliona kosa. Tukafika kwenye mgahawa wa yule kuku. Shangazi akarudi nyuma hatua nne, mikono kiunoni. Akasema kuku huyu ana sura ya kutaka kumwambia mtu jambo, ila anaogopa. Akasema anamfahamu kuku huyu, amemlea.

Kisha akacheka! Alicheka mpaka akashika bango. Mwenye mgahawa akatoka, Shangazi akamwambia mimi ni mtoto wake, ndiye fundi, na mtu yule akasema tangu kuku huyo apande pale wateja hawaishi. Mambo haya hakuwahi kuniambia mimi.

Jioni amekula ugali. Amesema Sultani anakwenda naye Bujumbura. Nikadhani anatania.

Jumatatu, 16 Julai

Hatanii. Nilimbeba Sultani mpaka Nyabugogo, plaiwudi kichwani, na Gatera akishika nyuma. Amekuja kwa ajili ya Shangazi, si yangu. Amempiga picha akiwa amesimama na simba, mkono mgongoni mwake. Amesema picha ni bure kwa mama, na kwamba mimi nitajua la kwangu baadaye.

Kondakta alikataa. Shangazi akamwuliza amezaliwa wapi. Bujumbura, akasema. Hospitali gani, mwaka gani? Akamtazama vizuri, akasema wewe ulizaliwa miguu ikitangulia, nakukumbuka. Sultani alipandishwa juu ya basi, akafungwa kamba tatu, uso mbele.

Nikamwuliza parokiani atawaambia nini. Akasema atawaambia ukweli: simba ni wa mbao, mwanangu amemtengeneza, na misa haikupotea, maana mgonjwa alikuwepo. Nimefikiri sana maana yake.

Kabla ya kupanda akanishika uso. Aliniomba jambo moja tu, niandike nilichokiona kwa macho yangu. Hata kama ni mkasi. Nikaapa kwa jina la baba. Machozi yalinitoka, nayaandika hapa bila aibu. Basi likapanda kilima, na watu wa kando ya barabara wakaacha mizigo yao kumtazama simba akipita juu ya vichwa vyao.

Mimi ni mtu mpya. Kuanzia leo ukweli mtupu.

Jumanne, 17 Julai

Asubuhi Béatha ametuma salamu. Anataka nimchoree Kaporali kwenye ukuta wa baa, mkubwa, na korongo pembeni, niseme bei mwenyewe. Amesikia habari ya simba na amecheka sana. Nimejibu kwamba nitaangalia nafasi yangu.

Kwa sababu saa nne alikuja mtu. Hakizimana, mfugaji wa Kimironko, mstaarabu, koti zito. Alikuwa kwa Béatha Jumamosi. Aliona kwa macho yake jinsi idara yangu inavyotuliza wanyama. Ana fahali mpya ambaye tangu aletwe hamruhusu mtu kuingia zizini, amemvunja mchungaji mmoja mbavu mbili, na anatafuta mtaalamu. Akauliza kama mimi ndiye.

Nilifungua kinywa kusema kweli. Nashuhudia nilifungua. Lakini alivua kofia yake aliponisemesha! Na Shangazi alizungumzia barua tu. Habari ya fahali hakuigusa hata kidogo.

Nimemwambia Alhamisi saa tatu.

Siri yote iko machoni, mnyama lazima ajue nani bwana. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo tangu mchana, kujitazama bila kupepesa. Natisha! Mara tatu mfululizo nimelazimika kutazama pembeni mimi mwenyewe.